Sanduku la Pili la Mbolea

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu, wewe na wifi na wanangu wote hapo kwenu. Natumaini mko wazima, na kwamba lile joto ulilokuwa ukililalamikia limepungua kidogo. Sisi huku tunaendelea. Mwanangu ameanza kusimama kwa kushikilia viti, ana meno manne na la tano limekuwa kesi. Shemeji yako yuko njiani na lori lake, hatarudi kabla ya mwisho wa mwezi. Mimi mwenyewe mwili hauna neno. Roho ndiyo yenye maneno, na ndiyo iliyonikalisha hapa mezani tangu asubuhi. Karatasi tatu nimeshazichana.

Najua utashangaa kuona bahasha. Simu ninayo na vocha ninayo. Lakini wewe na simu tunakujua, dakika ya kwanza haijaisha umeshasema fupisha, nina watu ofisini. Hili ninalotaka kukuambia halifupishiki. Na kusema kweli, kwenye simu ungenikatiza, nami ningefurahi kukatizwa, maana ningepata kisingizio cha kunyamaza tena. Kwa hiyo tafadhali kaa kitako, usisome umesimama, na usirukie mwisho. Hata magazeti unayaanzia nyuma, nakujua.

Barua hii inamhusu Mjomba. Usiitupe. Mwezi uliopita ulituma ujumbe kwamba utakuja kulijengea kaburi la Mama, ukaongeza kwamba hutaki kumwona Mjomba kaburini wala kusikia amekanyaga nyumbani. Nikakujibu neno moja, sawa. Mwaka mzima huu nimekuwa nikikujibu sawa. Leo siwezi, kwa sababu Mjomba anakihitaji chumba chake cha uani, na anakihitaji kabla ya wiki mbili kwisha. Asipokipata atakuwa kipofu kabisa, na hivyo ndivyo atakavyomalizia maisha yake.

Ngoja nikueleze alivyo, kwa kuwa hujamwona tangu siku ile. Anaishi stoo kwa fundi seremala, yule aliyekuwa akitupatia maranda ya mbao ya kutandika bandani kwa kuku. Fundi ni mtu mwema, lakini stoo ni stoo. Kitanda cha Mjomba ni mbao nne juu ya makopo ya rangi, na mashine ya kuranda iko upande wa pili wa ukuta wa mabati. Ikiwashwa saa mbili asubuhi, vumbi linapenya kwenye matundu ya misumari na kutua juu ya blanketi, ndani ya kikombe, kwenye kope zake. Yale matone aliyopewa hospitali kwa ajili ya jicho lililopasuliwa, hakuwa na mtu wa kumtilia. Alijitilia mwenyewe kwa kupapasa, mengi yakaishia shavuni. Jicho likaingia usaha, na baada ya wiki sita likazimika. Limebaki la kushoto, lenye ukungu, ambalo linajua tu kama mlango uko wazi au umefungwa. Mwezi jana fundi alimpeleka kwa daktari wa macho, naye amekubali kulipasua hilo lililobaki na siku ameshaipanga. Lakini amesema wazi kwamba hamgusi mtu anayelala kwenye vumbi la mbao. Awe na chumba kisafi, na awe na mtu wa kumtilia dawa mara nne kwa siku. Kama hana, asije.

Nasikia unavyosema moyoni. Unasema alijitakia. Unasema mtu aliyemlisha dada yake sumu ana haki gani ya kudai chumba katika nyumba ya huyo dada. Hayo ulishayasema mbele yetu sote, na nitayafikia. Kwanza nataka ujue kazi yenyewe ilivyokuwa, maana wewe uliondoka nyumbani kuku wakiwa watano.

Walifika arobaini na wawili, Kaka. Kuku arobaini na wawili wanakunya usiku na mchana, na hakuna anayekuambia hilo wakati unabeba vifaranga kwenye boksi na kuwaonea huruma. Chini ya vichanja vyao peke yake tulikuwa tunakwangua ndoo nzima kila asubuhi. Mwanzoni Mama alikuwa akizoa na kumwaga kando ya ukuta, mpaka jirani yetu, yule mwalimu mstaafu ambaye Mama alimbandika jina la Bibi Pua, akaja kusimama getini akiwa amejifunga kitambaa usoni utadhani anaingia chumba cha upasuaji. Mama alimkaribisha chai. Alikataa kushusha kitambaa, kwa hiyo hakuinywa.

Ndipo Mjomba alipokuja kukaa nasi, baada ya kustaafu kiwanda cha mikate. Miaka thelathini alikuwa mbele ya tanuri. Alipoliona lile lundo akamwambia Mama hii si taka, huu ni unga. Akagonga masanduku matatu ya mbao nyuma ya banda, kila moja la kukufika kifuani. La kwanza lilikuwa la kinyesi kibichi, kikichanganywa na maranda na majani makavu, tabaka kwa tabaka. La pili lilikuwa la kile kilichokwisha kupata joto, ambacho ni lazima kigeuzwe kila siku ya tatu ili hewa iingie na wadudu wabaya waungue. La tatu lilikuwa la mbolea iliyoiva, nyeusi, inayopumzishwa miezi miwili mpaka ukiinusa unasikia harufu ya ardhi tu. Katikati ya lundo alichomeka nondo. Asubuhi anaichomoa, anaigusa kwa mgongo wa mkono vile vile alivyokuwa akigusa mlango wa tanuri, halafu anatoa hukumu, bado au tayari. Sheria yake ilikuwa moja na aliirudia mpaka Mama akawa anamwigiza sauti, kwamba kibichi hakiendi bustanini.

Kwa kuwa macho yalikuwa yameanza kumtoroka, hakuandika tarehe. Alining'iniza vifuniko vya makopo kwa waya, kimoja kwenye sanduku la kwanza, viwili kwenye la pili, vitatu kwenye la tatu, akawa anapita akivipapasa. Nilimtania kwamba hata kuku sasa wanajua kuhesabu mpaka tatu. Akanijibu kwamba basi wamempita mpwa wake, akimaanisha mimi na ile ripoti yangu ya darasa la sita.

Mama alipofanyiwa upasuaji wa tumbo, akaanzishiwa vile vidonge ambavyo daktari alituonya vitamshusha kinga ya mwili, kitu pekee alichokuwa na hamu nacho kilikuwa majani ya saladi. Si ya kupikwa, mabichi, kutoka kitanda chake mwenyewe chini ya dirisha la jikoni. Alikuwa anatoka na fimbo yake saa nne, anachuma majani mawili matatu, anayasuuza kwenye bomba la bustani na kuyatafuna pale pale akiwa amesimama. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba na kitu chochote kibichi kilinitapisha. Kwa hiyo majani yalikuwa yake peke yake.

Wiki hizo hizo Mjomba akaitwa hospitali ya macho. Ni safari ya siku nzima, na alitakiwa akae huko karibu wiki mbili ili jicho liangaliwe. Kabla ya kuondoka alinipeleka nyuma ya banda akaanza kunikabidhi yale masanduku utadhani ananiachia watoto wachanga. Nigeuze sanduku la pili kila siku ya tatu. Mvua ikija nifunike na turubai. Likilowa niongeze maranda. Nilimwambia nenda Mjomba, usinifanyie semina.

Sikugeuza. Siku ya tatu nilishika uma wa kugeuzia mbolea, nikachomoa ubao wa mbele, mvuke ukanipiga usoni, nikatapika juu ya viatu vyangu. Nikasema nitageuza kesho. Kesho nayo nikasema kesho. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, na turubai nilikuwa nimelitumia kufunika nguo zilizokuwa kambani. Nilipokwenda kulitazama tena, lundo lilikuwa limelegea kama uji, linatoa maji meusi chini, na harufu yake haikuwa ya banda tena. Ilikuwa ya mzoga. Safari hii Bibi Pua hakuja getini. Alikwenda moja kwa moja kwa bwana afya, na Jumatano tukaletewa karatasi kwamba ukaguzi ni Ijumaa, na tukikutwa na uchafu kuku wote wataondolewa. Mama aliisoma mara mbili, akaenda kukaa bandani. Wale kuku ndio waliokuwa wakimtoa kitandani kila asubuhi, Kaka. Bila wao angelala tu akitazama dari.

Bwana afya alikuja Ijumaa, akakuta uwanja umefagiwa, sanduku la pili tupu, hakuna harufu. Akaandika kwenye daftari lake, akamsifu Mama, akaaga. Mama alifurahi mchana kutwa. Kuhusu Alhamisi iliyotangulia nitakuambia, usiniharakishe.

Jumanne Mama aliamka na homa na tumbo la kuendesha. Tulidhani ni vile vidonge. Kufika alasiri hakuweza kusimama, nikamwomba fundi seremala atupakie kwenye gari lake. Mjomba alirudi Jumatano na bandeji jichoni, akakuta nyumba tupu, akatufuata wodini begi likiwa bado mkononi. Siku ya tano daktari aliniita pembeni akaniuliza kama tunafuga kuku, na kama mgonjwa alikula kitu kibichi. Alisema vijidudu walivyovikuta kwenye damu yake ni vile vinavyokaa kwenye kinyesi cha kuku, kwamba mtu mwenye nguvu angeharisha siku tatu akasahau, lakini mama yetu hakuwa na kinga ya kupigana navyo. Niliitikia kwa kichwa. Siku ya nane, saa sita mchana, Mama alifariki nikiwa nimemshikia kikombe.

Wewe ulifika kesho yake, tukazika. Siku ya pili baada ya mazishi ulituita sebuleni na kufunga mlango. Ulikuwa umeshazungumza na daktari, kwa hiyo uliuliza swali moja tu, nani aliweka mbolea kwenye kitanda cha saladi. Mimi nilikuwa kwenye kochi, tumbo limenijaa mapajani. Mjomba alikuwa kwenye kile kiti kifupi cha dirishani. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Kabla neno halijatoka, Mjomba akasema ni yeye. Akasema aliiweka siku moja kabla ya kusafiri, kwamba alikosea kuhesabu vifuniko, akachukua viwili akadhani ni vitatu.

Unakumbuka ulichomwambia, lakini acha nikuandikie, kwa sababu nimekisikia kila siku tangu hapo. Ulimwambia macho yamekwisha na akili imekwisha, na sasa amemmaliza na dada yake. Ulimwambia kipofu anayecheza na mavi hana haki ya kushika chakula cha watu. Ukampa mpaka jua lizame awe ametoka. Mama Mdogo, yule binti wa baba yao mdogo, alilia, wengine tukatazama miguu yetu. Mjomba aliomba kitu kimoja tu, apite kaburini kwanza. Walizaliwa wawili tu, Kaka, walilala mkeka mmoja mpaka Mama anaolewa. Ulimkatalia. Akatoka na begi lile lile la hospitali, na lilikuwa bado halijafunguliwa.

Kesho yake uliyavunja masanduku kwa sururu, vifuniko vikaruka mpaka kwa Bibi Pua, na kuku wakagawiwa majirani. Mimi nilikuwa dirishani jikoni nikikuangalia. Kadi ya Mjomba ya kurudi kliniki ilibaki kwenye droo ya kabati. Niliiona. Tarehe ilikuwa wiki tatu mbele. Nilijiambia siwezi kumpeleka, tumbo ni kubwa, barabara ni mbovu. Ukweli ni kwamba niliogopa kukaa naye ubavu kwa ubavu siku nzima ndani ya basi. Tarehe ikapita, na jicho likaenda nayo.

Sasa Alhamisi.

Alhamisi ile Mama alikuwa amelala baada ya dawa zake za mchana. Nilijifunga kitambaa puani, nikachukua toroli na koleo, nikalihamisha lundo lote la sanduku la pili kwa nusu toroli nusu toroli, nikipumzika kila mara kushika kiuno. Sikuwa na nguvu ya kuchimba shimo. Udongo pekee uliokuwa laini ni wa vitanda vya Mama, na kilichokuwa karibu ni cha saladi. Nililifukia pale, katikati ya mistari. Juu yake nikatandaza mbolea iliyoiva kutoka sanduku la tatu ili kuua harufu. Majani yalikuwa yamerukiwa na uchafu, kwa hiyo nikafungua mpira wa maji nikayapiga mpaka yakang'aa. Yaling'aa sana. Maji yale yale ndiyo yaliyokuwa yakiurusha uchafu kutoka chini na kuurudisha juu ya majani.

Usije ukanitetea kwamba sikujua. Nilijua kibichi hakiendi bustanini, ningeweza kukuambia hilo usingizini. Nilijiambia Ijumaa ikipita nitayang'oa yote, nitamwambia Mama yameingiwa na wadudu. Ijumaa ikapita, bwana afya akaondoka, mgongo ukawa unaniuma, nikasema Jumamosi. Jumamosi saa nne nilikuwa naanika nguo. Mama akatoka na fimbo yake. Alikuwa amevaa lile gauni la kijani, na alikuwa bado na furaha ya jana, anawasemesha kuku. Nilimwona akiinama. Kumwambia aache kungetaka nimwambie kwa nini, na kwa nini ilikuwa ndefu, ilianzia kwenye uma nilioutupa siku ya tatu. Nikabana shati la shemeji yako kwenye kamba. Nilipogeuka alikuwa anatafuna. Akanipungia mkono, nami nikampungia.

Hakuna aliyekosea kuhesabu. Vifuniko vilikuwa mahali pake siku zote mpaka ulipovivunjia mbali. Mjomba hakuwahi kutoa mbolea mbichi sandukuni hata mara moja, na kwa kazi ile hakuhitaji macho, alikuwa na mkono na pua. Niliyemuua Mama ni mimi. Na uliyemfukuza hakuwa na kosa.

Wiki iliyopita nilikwenda stoo nikamwambia. Mtoto alikuwa mgongoni, Mjomba alikuwa sakafuni akimchambulia fundi misumari kwa kuipapasa, mirefu huku, mifupi kule. Sikuzunguka. Nilisema yote hadi ile ya kupungiana mikono. Hakuacha kuchambua. Aliniambia anajua, alijua tangu Jumatano ile aliporudi. Alipita nyuma ya banda kabla ya kuja wodini, akatia mkono kwenye sanduku la pili akakuta tupu, akanusa, akaifuata harufu mpaka chini ya dirisha la jikoni, akapiga magoti na kuchimba kwa vidole. Nikamuuliza kwa nini basi alijitwika. Akasema pale sebuleni aliisikia pumzi yangu, na akahofia kwamba kwa ulivyokuwa umewaka, wiki hiyo tungezika watatu.

Nililia. Nilidhani maneno yameishia hapo, nikadhani nimesamehewa. Akaendelea kuchambua, kisha akaniambia kwamba alitegemea nitasema mwenyewe nikishajifungua. Alihesabu siku. Alisikia kwa fundi kwamba nimejifungua salama, akafunga begi lake, akalala nalo tayari mwezi mzima. Mwezi wa pili akalifungua. Hakuwa na hasira alivyosema hivyo, Kaka. Afadhali angekuwa nayo. Kisha akanikataza kukuandikia. Alisema ukijua utanifukuza na mimi, na mtoto hana kosa. Nikamwambia nitaandika. Aliniomba nimsogezee lile kopo la misumari mifupi.

Kwa hiyo hili si ombi. Chumba cha uani nimekipiga chokaa, sakafu nimeisugua mara mbili, pazia nimelifua na godoro limekaa juani siku tatu. Jumamosi fundi atamleta. Jumanne inayofuata ni siku ya jicho, nami nitampeleka mwenyewe, ubavu kwa ubavu, safari nzima ya basi. Tukirudi nitamtilia matone mara nne kwa siku kwa wiki sita. Wewe ukija kujenga kaburi, utamkuta nyumbani, na tutakwenda naye. Ukitaka kumfukuza mtu, nipo. Sitabishana, mabegi yangu ni mawili. Nakuomba tu unipe hizo wiki sita kwanza, kwa sababu dawa haitaki kukatizwa.

Na kuna jambo jingine ambalo ni lako pia. Jina la mwanangu ulilichagua wewe, kwa simu, huku unalia, ukasema Mama arudi nyumbani. Nikajibu sawa. Mara kumi kwa siku namwita mtoto aje ale, na kila mara namwita mtu niliyemnyamazia bustanini. Anakuja mbio kwa magoti, anacheka. Sijui nitamwambia nini akikua, lakini nimeanza na wewe.

Shemeji yako bado hajui. Nitamwambia akirudi, akishaoga na kula. Nisalimie wifi sana, na wanangu wabusu mmoja mmoja, na yule mkubwa mwambie shangazi yake hajambo.

Salamu za mwisho ni za Mjomba. Kila nilipompelekea chakula stoo, mwaka mzima, ameniagiza nikusalimie, na kila mara nimemwitikia kwamba zitafika, wala sijawahi kukufikishia hata moja, kwa kuwa niliogopa ungeniuliza nilifuata nini kule. Zinakaribia hamsini. Anauliza kama bado unakula maganda ya mkate kwanza na kuacha ndani. Anasema kiwandani alikuwa akikuchagulia mikate iliyoungua kidogo, anaificha chini ya koti mpaka nyumbani. Anasema ukija ufike salama, barabara siku hizi si nzuri. Jana aliniagiza tena. Zipokee zote kwa pamoja.

Ni mimi,
mdogo wako wa mwisho.